Kivuli Katika Picha ya Kifua



Mtu akikohoa mwezi mzima, akakonda, akashikwa na homa za jioni na pengine kutema damu, watu wa nyumba yake hawatafuti tena jina la maradhi, wanalo tayari. Husema: "Ni kifua kikuu." Mara nyingi husema kweli, maana kifua kikuu kingali kinaua watu wengi katika Kongo na katika nchi jirani. Lakini hawasemi kweli sikuzote. Yako maradhi mengine ya mapafu yaletayo kikohozi kile kile, homa ile ile, na hata kivuli kinachofanana nacho katika picha ya eksirei. Mojawapo huletwa na kuvu, yaani ule ukungu wa kijani au wa kijivu uotao juu ya mahindi yaliyolowa, juu ya mihogo iliyokaushwa vibaya, juu ya majani yanayooza nyuma ya nyumba.

Leo tutazame jinsi waganga walivyojifunza kuyatambua maradhi hayo kwa kutazama picha. Ni historia ndefu, nayo yamfaa mtu wa Sandoa sawa na mtu wa Ulaya, kwa kuwa yatuonya juu ya jambo moja: picha huonyesha kivuli, lakini haitaji jina la maradhi. Jina hutafutwa na watu wenye subira. Nao wakikosa subira, mgonjwa huteseka kwa dawa isiyo yake.

Kuvu yenye jina la kanisani

Mwaka 1729 mtaalamu wa mimea wa mji wa Firenze, nchi ya Italia, jina lake Pier Antonio Micheli, alitoa kitabu kikubwa juu ya mimea na kuvu. Alikuwa ametazama kuvu nyingi kwa hadubini, chombo kikuzacho vitu vidogo. Katika kuvu moja aliona kijiti chembamba chenye kichwa cha mviringo, na kichwani pamezungukwa na nyuzi za mbegu ndogo kama shanga. Alipoitazama akakumbuka kitu ambacho kila Mkatoliki anakijua: kinyunyizio cha maji ya baraka. Basi akaiita Aspergillus, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kunyunyiza.

Micheli hakuishia kutoa jina. Zamani zile watu wengi waliamini kwamba kuvu huzaliwa na uozo wenyewe, bila mbegu. Yeye alichukua mbegu za kuvu akazipanda juu ya vipande vya tikiti vilivyokatwa, akaona kuvu za namna ile ile zikiota. Hivyo akaonyesha kwamba kuvu nayo, ijapokuwa ndogo, ina mbegu yake na uzao wake.

Jina hilo lafaa kweli, maana kuvu hii hunyunyiza. Aina inayowasumbua watu zaidi ilipewa jina la Aspergillus fumigatus na Mjerumani Georg Fresenius mwaka 1863. Mbegu zake ni ndogo mno: upana wake ni kama sehemu 2 au 3 za milimita moja iliyogawanywa mara 1000. Huelea hewani zikaingia puani, zikashuka hadi ndani ya mapafu. Sisi sote huzivuta kila siku, kanisani, shambani na kitandani. Kwa watu wengi mno hazidhuru neno. Mwili huzifagia kimya kimya.

Walisha njiwa wa Paris

Mwaka 1882 Mjerumani Robert Koch aligundua kijidudu cha kifua kikuu. Tangu hapo waganga waliweza kukitafuta katika makohozi kwa hadubini. Hilo lilikuwa jambo kubwa, nalo likaleta fumbo jipya: walionekana wagonjwa wenye dalili zote za kifua kikuu, lakini makohozi yao hayakuwa na kijidudu cha Koch.

Mwaka 1890 waganga watatu Wafaransa, Dieulafoy, Chantemesse na Widal, walieleza habari za wagonjwa wa namna hiyo mjini Paris. Hao walikuwa watu wa kazi ya kunenepesha njiwa wa kuuza. Walijaza nafaka na maji vinywani mwao, kisha wakamlisha njiwa mdomo kwa mdomo, njiwa mamia kwa mamia kwa siku. Nafaka ile ilikuwa na kuvu. Walikohoa, wakatema damu, wakakonda, na kila mtu aliwahesabu kuwa wagonjwa wa kifua kikuu. Lakini katika makohozi yao ilionekana Aspergillus. Waganga wakauita ugonjwa ule kifua kikuu cha uongo.

Tazameni: tangu mwanzo kabisa kuvu hii ilijificha nyuma ya jina la ndugu yake mkubwa.

Nuru ya Röntgen

Miaka mitano baadaye, tarehe 8 Novemba 1895, Profesa Wilhelm Röntgen wa Würzburg, Ujerumani, aligundua mionzi isiyoonekana kwa macho ambayo hupenya nyama na kuzuiliwa na mfupa. Tarehe 22 Desemba mwaka ule ule alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana wazi. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kutolewa. Hakutaka hati ya kuumiliki uvumbuzi wake. Aliuacha uwe mali ya watu wote.

Picha ya kifua husomwa hivi. Hewa haizuii mionzi, basi mapafu yenye hewa huonekana meusi. Mfupa huzuia sana, huonekana mweupe. Mahali penye maji, usaha, balghamu au kovu huonekana pana weupe kati ya weusi wa mapafu; hapo ndipo waganga husema, "Pana kivuli."

Watu wa Katanga wana sehemu yao katika chombo hiki, ingawa hawatajwi. Mwaka 1913 Mmarekani William Coolidge alitengeneza taa bora ya eksirei. Katika taa za namna hiyo, mionzi hutoka kwenye kipande cha madini ya tangsteni ambacho huwa moto mkali, na mara nyingi kipande hicho hushikizwa ndani ya shaba, kwa sababu shaba huuchukua upesi ule moto. Shaba ya nchi kama yetu imesaidia kumulika vifua vya dunia.

Na vifua vya wachimba migodi vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kumulikwa kwa wingi katika Afrika. Mjini Johannesburg iliundwa mwaka 1916 ofisi ya waganga ya kuwachunguza wachimba dhahabu walioharibiwa mapafu na vumbi la mawe, nao walipigwa picha za kifua. Huko waganga walijifunza mapema kwamba vumbi la mgodini na kifua kikuu vyaweza kuonekana pamoja katika kifua kimoja, na kuvitenganisha ni kazi ya jicho lililozoea.

London, mwaka 1952

Mwaka 1952 una mambo mawili ya kukumbukwa. La kwanza, dawa ya isoniazidi ilionyeshwa kuwa na nguvu kubwa juu ya kifua kikuu. Streptomisini ilikuwa imetangulia miaka ya 1940. Watu waliokuwa wakingoja kifo walianza kupona.

La pili halikupigiwa tarumbeta. Waganga watatu wa London, Hinson, Moon na Plummer, waliandika habari za wagonjwa 8 waliopata maradhi ya Aspergillus katika mapafu. Kati yao walikuwamo watu wenye pumu ambao ugonjwa wao ulikuwa na sura ya pekee. Walipata homa na kikohozi, wakatoa vipande vigumu vya balghamu, na picha zao zilionyesha vivuli vinavyokuja na kuondoka. Kuvu haikuwa ikila nyama ya mapafu yao. Ni mwili wenyewe uliokuwa ukiigombeza.

Jambo hili lahitaji maelezo. Kuna hali iitwayo mzio, yaani mwili wa mtu kukichukia kitu ambacho kwa mwenzake si kitu. Mmoja hula kamba asione neno, mwingine akimla huvimba uso. Vivyo hivyo watu fulani wenye pumu huichukia Aspergillus. Mbegu zake zikiingia katika mirija ya pumzi, hunaswa katika balghamu nzito ya pumu na kuota humo. Mwili hupeleka askari wake kwa wingi. Mirija huvimba, balghamu huzidi na kugandamana, njia ya hewa huziba. Vita hivyo vikirudiwa miaka mingi, mirija hupanuka na kulegea isirudi tena hali yake. Ndiyo maana kuchelewa kuutambua ugonjwa huu ni hasara isiyolipika.

Mwaka 1966 Mjapani Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, wakifanya kazi Marekani, walitambua ile chembe ya damu inayochochea mzio, ambayo sasa huitwa IgE. Tangu hapo waganga waliweza kuipima. Katika ugonjwa huu wa kuvu huzidi mno, na kipimo hicho kikawa mwenzi wa picha.

Alama za kusoma

Hospitali ya Brompton mjini London ilikuwa mahali pa kujifunzia. Mwaka 1970 McCarthy, Simon na Hargreave walichapa uchunguzi wao wa picha za kifua za wagonjwa wa maradhi haya. Hawakutazama picha moja moja tu; waliziweka kwa mfululizo wa miaka, ya kale kando ya mpya. Katika kazi ya namna hiyo ndipo alama za ugonjwa huu zilipozoeleka. Nitazitaja tatu.

Ya kwanza ni kivuli kinachohama. Mwezi huu kipo juu upande wa kulia. Baada ya majuma kadhaa kimetoweka, na kingine kimetokea kushoto. Kifua kikuu hakina desturi ya kuhama hivyo. Kwa kawaida kivuli chake hukaa mahali pake, kikaongezeka au kikapungua polepole kwa dawa.

Ya pili ni kivuli chenye umbo la vidole vilivyovaa glavu. Hiyo ni mirija iliyopanuka ikajaa balghamu iliyogandamana, na matawi yake huonekana kama vidole vinene vinavyoanzia karibu na moyo.

Ya tatu ni mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba. Waganga huifananisha na njia ya reli. Na watu wa Lualaba wanaoijua reli ya Tenke hadi Dilolo, iliyounganishwa na ile ya Benguela mwaka 1931, wataelewa mara moja. Mistari hiyo ni kuta za mrija zilizonenepa kwa kuvimba.

Lakini mirija yenyewe haionekani vizuri katika picha ya kawaida. Mwaka 1922 Wafaransa Sicard na Forestier walibuni njia ya kumimina mafuta yenye madini ya ayodini ndani ya mirija ya mgonjwa, ili ionekane katika picha. Haikuwa njia ya raha. Hata hivyo kwa kutazama mirija hivyo Profesa Scadding wa London aliandika mwaka 1967 kwamba katika ugonjwa huu mirija huharibika karibu na shina, huku matawi ya mbali yakibaki mazuri. Katika maradhi mengi ya kupanuka mirija, mambo huwa kinyume. Ikawa alama nyingine ya kuutambua.

Picha iliyokatwa vipande

Baadaye ikaja mashine ya skana, ambayo mionzi yake humzunguka mgonjwa na kompyuta hukusanya habari zote na kuchora kifua kama mkate uliokatwa vipande vyembamba. Mmoja wa wazazi wa mashine hii alikuwa mtoto wa Afrika: Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg. Mwaka 1956, akifanya kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, alianza kufikiri namna ya kuhesabu yaliyomo ndani ya mwili kwa mionzi inayopita pande nyingi. Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeijenga mashine, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Kwa skana hapakuwa tena na haja ya kumimina mafuta. Mirija iliyopanuka huonekana wazi. Katika miaka ya 1990 waganga waliona jambo jipya: katika baadhi ya wagonjwa hawa, balghamu iliyogandamana ilikuwa nyeupe kuliko hata nyama iliyo karibu nayo, kwa sababu imejaa chumvi za madini. Alama hiyo ikionekana kwa mtu mwenye pumu, mganga ana sababu kubwa ya kuufikiri ugonjwa huu wa kuvu.

Yatuhusu nini sisi?

Mtu wa Sandoa, kwenye bonde la mto Lulua, anaweza kusema: "Skana si ya kijijini petu, na njia ya Kolwezi ni ndefu, hasa wakati wa mvua. Habari hizi zanifaa nini?"

Zamfaa kwa sababu tatu.

Kwanza, kuvu iko kwake. Miezi ya mvua, kuanzia kama Oktoba hadi Aprili, mihogo na mahindi hukauka kwa shida, na ghala huota ukungu. Nchini Uganda waganga wamewapima wagonjwa wa pumu mjini Kampala, wakakuta kwamba si wachache wanaoichukia kuvu hii. Basi ugonjwa huu si wa Wazungu peke yao. Ni kwamba kwetu hautafutwi. Tena mjini Gulu, huko huko Uganda, walichunguzwa watu 398 waliokwisha kutibiwa kifua kikuu. Baadhi yao Aspergillus ilikuwa imeota katika mashimo yaliyoachwa na kifua kikuu. Hao si wagonjwa wa mzio, ni ndugu wa jirani. Lakini nao hukohoa, na watu hudhani kifua kikuu kimerudi.

Pili, mashine mpya zisitudanganye. Siku hizi ziko mashine ndogo za eksirei ziendazo kwa betri, zinazoweza kupelekwa vijijini. Betri nyingi za siku hizi zina kobalti, na nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Kwa hiyo jasho la Kolwezi limo humo pia. Tangu zamani waganga walipokuwa wakibishana juu ya picha, jicho la mtu ndilo lililosoma. Lakini mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome picha za watu wa miaka 15 na zaidi, kutafuta dalili za kifua kikuu. Ni msaada mkubwa mahali pasipo na daktari. Lakini kompyuta hiyo imefundishwa swali moja tu: je, kivuli hiki chafanana na kifua kikuu? Kivuli cha kuvu chaweza kufanana nacho. Kompyuta ikisema ndiyo, kazi haijaisha. Inabaki kupima makohozi.

Tatu, dawa za magonjwa haya mawili hupingana. Ugonjwa wa mzio wa kuvu hutibiwa kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza vita vya mwili, au kwa itrakonazoli, dawa ya kupunguza kuvu, na pengine kwa zote mbili, miezi kadhaa, chini ya macho ya mganga. Lakini prednisoloni ikipewa mtu mwenye kifua kikuu kisichotibiwa, yaweza kukipa kifua kikuu nguvu. Na mtu wa kuvu akipewa dawa za kifua kikuu peke yake, hunywa miezi sita, kivuli huhama chenyewe, watu husema amepona. Kisha hurudi, naye huanzishwa upya. Huko India waganga wamekuta wagonjwa wengi wa kuvu waliokwisha kunyweshwa dawa za kifua kikuu bure kabla ya kutambuliwa.

Fikirini mateso ya mtu huyo. Mirija yake inaharibika. Fedha zinakwisha njiani. Nyumbani ametengewa sahani na kikombe, na watoto wanakatazwa kumkaribia, kwa ugonjwa ambao hauambukizi mtu yeyote.

Basi, wasomaji wapenzi, mambo machache ya kushika. Mwenye kikohozi kinachopita majuma mawili aende hospitali, na makohozi yapimwe kwanza. Kifua kikuu kisisahauliwe kamwe. Aliyeanzishwa dawa za kifua kikuu asiziache kwa shauri lake mwenyewe, wala kwa sababu ya kusoma habari hizi. Mwenye pumu amwambie mganga kwamba ana pumu, hata kama hakuulizwa. Aliyetibiwa kifua kikuu zaidi ya mara moja bila kijidudu kuonekana katika makohozi aulize kwa heshima: "Je, pengine ni jambo jingine?" Prednisoloni isinunuliwe sokoni kama pipi. Nafaka yenye ukungu isipepetwe ndani ya nyumba, hasa penye mtu wa pumu.

Na la mwisho, ambalo ni jepesi na watu hulidharau: tunzeni picha zenu za kifua. Msizifanye kifuniko cha dirisha, wala msiwape watoto wachezee. Andikeni tarehe juu yake, zikunjwe ndani ya kitambaa, na mwendapo hospitali mzichukue zote. Waganga wa London waliutambua ugonjwa huu kwa kuweka picha ya kale kando ya picha mpya na kuona kwamba kivuli kimehama. Picha moja haiwezi kuonyesha hilo, hata ipigwe kwa mashine ya thamani namna gani. Picha mbili za mtu wa kijijini, zilizohifadhiwa vema sandukuni, zaweza.

Mungu awape waganga wetu macho ya kuona, awape wagonjwa wetu saburi, nasi atupe moyo wa kutomhukumu jirani kwa kikohozi chake.